Jean Monnet: muuza brandi aliyeishona Ulaya bila kupigiwa kura hata moja. Aliwezaje?

#1 Kipanga wa Tanga

Wakuu, habari za jioni.

Kila siku humu tunagombana kuhusu marais. Leo naleta mtu ambaye hakuwahi kugombea hata udiwani.

Jean Monnet, Mfaransa, kazaliwa mji wa Cognac tarehe 9 Novemba 1888. Baba yake alikuwa na kampuni ya brandi, na mezani kwao walikuwa wakila wanunuzi kutoka nchi za nje. Shule aliiacha akiwa na miaka 16, akapelekwa London kwa mfanyabiashara wa mvinyo ajifunze Kiingereza na soko. Alipofika 18 akatumwa Kanada kuuza mzigo wa baba. Mzee wake alimwambia asibebe vitabu: achungulie dirishani na aongee na watu.

Mwaka 1914 vita imeanza, serikali ya Ufaransa imekimbilia Bordeaux. Huyu kijana hajatimiza hata miaka 26. Anapitia kwa wakili rafiki wa familia, anaingia hadi kwa waziri mkuu Viviani, anamweleza kwamba Wafaransa na Waingereza wanagombania meli zilezile na ngano ileile, wanapandishiana bei wenyewe kwa wenyewe wakati adui ni mmoja. Nunueni pamoja, safirisheni pamoja. Viviani akamtuma London. Kufikia mwisho wa vita kulikuwa na baraza la pamoja la usafiri wa majini, na yeye yumo ndani.

Ruka hadi 9 Mei 1950. Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje, anatangaza Paris kwamba makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, na nchi nyingine zikaribishwe. Umoja wa Ulaya wa leo ulianzia hapo. Ile karatasi iliandikwa na Monnet na watu wake wachache, ofisini mtaa wa Martignac na nyumbani kwake kijijini Houjarray. Jina likabaki la Schuman.

Hoja yangu: hii ni akili ya biashara, si ya siasa. Hakuwa mbunge, hakuwa waziri, hakuwa na chama. Mfanyabiashara anataka mzigo ufike, nani kapigwa picha bandarini si shida yake.

Mnaoamini uongozi ni jukwaa na kipaza sauti, karibuni.

#2 Mdudu Kakakuona

Nimekaa mkao wa kula. Zikianza mniite.

#3 Mwalimu Mstaafu

Kipanga, uzi mzuri ila usiwape vijana habari nusu.

Kwanza, cheo alikuwa nacho. Tarehe 3 Juni 1943 Algiers iliundwa Kamati ya Ukombozi wa Taifa ya Ufaransa, majenerali de Gaulle na Giraud wakiwa wenyeviti wawili. Monnet alikuwa mjumbe, kamishna wa silaha na mahitaji. Huo ni uwaziri kwa jina lingine. Na aliyewapatanisha de Gaulle na Giraud hadi kamati ikapatikana, mmojawapo ni yeye huyo huyo. Alifika Algiers kwa upande wa Giraud, akamshawishi atoe hotuba ya kuiacha sera ya Vichy, ile serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, kisha akajenga daraja kwenda kwa de Gaulle. Giraud baadaye akabaki hana kitu.

Pili, umeruka miaka 30 yote kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya Vita ya Kwanza alikuwa naibu katibu mkuu wa Shirikisho la Mataifa akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. Akajiuzulu 1923 kwa sababu kampuni ya baba ilikuwa inazama. Halafu akaingia benki za Wamarekani, akashiriki kutuliza sarafu ya Poland mwaka 1927 na ya Romania mwaka uliofuata. Akapata utajiri, akaupoteza wakati wa mdororo. Miaka ya 1930 akaenda China kupanga mitaji ya reli.

Kwa hiyo "muuza brandi" ni kweli, lakini 1950 anapoandika hiyo karatasi alikuwa na miaka 61, na zaidi ya thelathini ya hiyo alikuwa ameipitisha kwenye vyumba vya wakubwa.

#4 Wakala wa Kilindini

Wadau, mimi nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, wacha niseme vile naona.

Silaha yake ilikuwa karatasi moja. Huko Ulaya alikuwa anatengeneza mizania ya vita: upande huu mahitaji ya Waingereza na Wafaransa, upande ule kilichopo, chini pengo. Mwaka 1940 walifanya hivyo kwa ndege. Waziri akiona pengo limeandikwa kwa tarakimu hana hotuba ya kutoa, anauliza tu litazibwaje. Baadaye Washington alifanya hivyohivyo na Wamarekani kabla hata hawajaingia vitani, akiwa huko na pasi ya Waingereza, Mfaransa mzima! Inasemekana mchumi wa Kiingereza Keynes alisema huyu jamaa alifupisha vita kwa mwaka mmoja.

Nilikuwa na wateja wawili wa Kampala, wote wanataka malori wiki ile ile, kila mmoja anampandishia dau mwenye malori kisiri. Mwenye malori anacheka tu. Nikawaita ofisini, nikachora kwenye karatasi: makontena yaliyopo, malori yaliyopo, meli inayofuata lini, na gharama za kontena kukaa bandarini kwa kila siku inayopita. Sikumwambia mtu akubali chochote. Walipoona ile safu ya mwisho wakagawana malori wenyewe.

Lakini sikubaliani na Kipanga kwamba ni tabia ya wafanyabiashara wote. Yule mwenye malori naye ni mfanyabiashara.

#5 Nyundo ya Kusini

Mnapendeza kweli mkidanganywa.

Huyu mzee alikuwa mtu wa Wamarekani, hakuna siri hapo. Angalia marafiki zake: John Foster Dulles amemjua tangu mkutano wa amani wa 1919. John McCloy ndiye aliyekuwa kamishna mkuu wa Marekani Ujerumani 1949 hadi 1952, wakati huo huo Monnet anapika makaa ya mawe na chuma. George Ball wakili wake. Dean Acheson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alionyeshwa ule mpango kabla mawaziri wengi wa Ufaransa hawajauona. Na kulikuwa na kamati ya Wamarekani ya kuunga mkono Ulaya moja, mwenyekiti William Donovan, bosi wa ujasusi wakati wa vita, makamu Allen Dulles, aliyekuja kuwa bosi wa CIA. Hela zilitiririka.

Yeye mwenyewe alishasema mataifa yapelekwe kwenye dola kuu moja polepole bila wananchi kujua. Itafuteni hiyo kauli.

Diplomasia ya kimya? Kimya ni cha mtu asiyetaka aulizwe nani anamlipa.

#6 Mwalimu Mstaafu

Nyundo, nusu ya ulichoandika ni kweli na nusu umeokota.

Hiyo kauli ya "bila wananchi kujua" imezunguka sana mitandaoni lakini Monnet hakuiandika popote. Ni maneno ya mwanasiasa wa Uingereza mpinga Ulaya wa miaka ya 1990, watu wakayabandika kwa marehemu.

Kamati ya Donovan ilikuwepo kweli, na fedha zake zilikwenda kwa harakati za kuunganisha Ulaya, zile za mikutano mikubwa na vijana. Monnet hiyo mikutano hakuipenda. Kuwa na rafiki Mmarekani ni jambo moja, kutumwa ni jambo lingine. Washington walikuwa wanataka Ufaransa ilete pendekezo lolote kuhusu Ujerumani kabla ya mkutano wa London wa tarehe 10 Mei 1950. Swali walilileta Wamarekani, jibu hawakulitunga. Acheson alipoelezwa mara ya kwanza alidhani ni njama ya wenye viwanda kupanga bei.

#7 Nyundo ya Kusini

Mwalimu, anayeuliza swali ndiye anayeamua mtihani. Endelea.

#8 Binti Mkunazini

Asalaam alaykum nyote. Mie naona mnamtazama akiwa mzee, kumbe alishaiva akiwa kijana.

Kuna kisa chake cha Kanada. Yuko Calgary, anatafuta pa kukodi farasi aende kwa wateja. Kamuuliza mtu asiyemjua, njiani tu. Yule mtu kamwambia chukua farasi wangu, ukimaliza kamfunge palepale. Hakumwandikisha, hakumtaka rehani. Monnet anakwambia kwao Ufaransa hajapata kuona kitu kama hicho, watu kutumia mali bila kuihodhi. Tangu hapo akawa nalo kichwani.

Babu yangu alikuwa dalali wa karafuu, Pemba na Unguja. Mali kauli ndiyo ilikuwa biashara yao. Unapewa magunia kwa mdomo, unakwenda kuuza, unarudi na fedha. Na ukitaka kujua ugomvi wa watu umekwisha vipi, huuoni barazani. Babu akenda nyumba hii baada ya alasiri, akenda nyumba ile baada ya isha, kesho yake watu wawili wanapeana mikono msikitini na hakuna anayejua nani kawasemesha. Na kila mmoja anaamini wazo lilikuwa lake.

Monnet ndivyo alivyofanya kwa Schuman. Alimpa karatasi kupitia kwa Clappier, mkuu wa ofisi yake, Ijumaa. Schuman akapanda nayo treni kwenda kwake Metz kupumzika. Jumatatu anashuka stesheni Paris, Clappier anamngoja, Schuman anamwambia ameisoma na atalibeba. Basi. Hakuna mkutano, hakuna kamati.

#9 Mchokozi

Tuulizane la maana: huyu mzee alikuwa na mke au alioa makaa ya mawe?

#10 Binti Mkunazini

Mchokozi umeuliza pazuri, maana hapo ndipo diplomasia yake ilipotia fora.

Alimpenda Silvia de Bondini, mchoraji wa Kiitalia, mwaka 1929. Tatizo Silvia ni mke wa mtu, na sheria za Italia wakati huo hazina talaka. Wakahangaika miaka. Mwishowe 1934 Monnet katoka China kwa treni kupitia Siberia, Silvia katoka Uswisi, wakakutana Moscow. Silvia kapewa uraia wa Kisovieti, kapata talaka, wakaoana papo hapo. Wakaishi pamoja hadi mauti. Ndoa ya kanisani walifunga 1974 huko Lourdes, baada ya mume wa kwanza kufariki. Bwana harusi ana miaka 85.

#11 Mchokozi

Miaka 85 na bado anafuatilia cheti. Nimemvulia kofia. Uzi uendelee.

#12 Nyundo ya Kusini

Subirini. Enzi za Stalin mgeni anapewa talaka na uraia kwa siku chache, na hamuulizi nani alipiga simu? Nilisema wa Wamarekani, kumbe alikuwa na laini mbili.

#13 Mhandisi wa Tanuru

Mmekwenda mbali sana. Nimefanya kazi kiwanda cha chuma, naomba niwarudishe kwenye tanuru.

Chuma hakitengenezwi kwa diplomasia. Unahitaji madini ya chuma na makaa yaliyochomwa yakawa koki. Ufaransa ilikuwa na madini Lorraine, koki nzuri iko Ruhr, Ujerumani. Baada ya vita Monnet ndiye aliyekuwa mkuu wa mpango wa kufufua uchumi wa Ufaransa, tangu 1946, na malengo yake ya chuma yalitegemea koki ya Ruhr. Mwanzoni Wafaransa walitaka Ruhr idhibitiwe kwa nguvu. Kufikia 1950 ilionekana haitawezekana. Wajerumani walikuwa wanaomba kiwango chao cha chuma kipandishwe kutoka tani milioni 11 kwenda 14 kwa mwaka, na Wamarekani wanaelekea kukubali. Ikipanda, Mjerumani anajilisha koki yake kwanza, Mfaransa anabaki na matanuru baridi. Monnet aliandika waraka wa ndani siku chache kabla ya tangazo, ukiusoma ni hofu tupu.

Kwa hiyo alichofanya ni kubadilisha udhibiti usioshikika kuwa ubia. Mfaransa alipata koki, Mjerumani akapata heshima ya kukaa meza moja. Hapo sioni utakatifu wala usaliti. Ni mtu aliyeona mali inaondoka mkononi akaiuza mapema.

#14 Mtumishi wa Parokia

Tumsifu Yesu Kristo.

Nashangaa hakuna aliyetaja imani. Schuman, kansela Adenauer wa Ujerumani, waziri mkuu De Gasperi wa Italia, wote watatu Wakatoliki wa vyama vya Kikristo, wote watatu watu wa mipakani, wote watatu wanaongea Kijerumani. Schuman kazaliwa Luxembourg, akiwa raia wa Ujerumani. De Gasperi kazaliwa Trentino ikiwa Austria. Hawa walikuwa wanaaminiana kabla Monnet hajaleta karatasi. Karatasi ile ile angepewa mtu mwingine ingefia mezani.

Na ushahidi upo: nakala nyingine ilikwenda kwa waziri mkuu Bidault, haikufanyiwa kazi.

#15 Kipanga wa Tanga

Mtumishi, Bidault naye alikuwa Mkatoliki wa chama kile kile cha Schuman. Sasa imekuwaje?

Mhandisi, nakubali koki. Ila koki ilijulikana na kila mtu Paris. Kwa nini wazo lilitoka kwa mtu mmoja?

Ngoja niwape siku yenyewe, maana ndipo nampendea. Tarehe 9 Mei asubuhi baraza la mawaziri limekaa Paris. Schuman yupo, kimya. Wakati huo huo mjumbe wake Robert Mischlich yuko Bonn na barua ya siri kwa Adenauer. Clappier anasubiri simu. Adenauer anasoma, anajibu anakubali kwa moyo wote. Simu inafika Paris, ndipo Schuman anafungua mdomo mbele ya wenzake. Jioni anawaita waandishi wa habari. Waingereza hawakuambiwa mapema, waziri wao Bevin alifura. Na ilikuwa haraka kiasi kwamba hakuna aliyeita wapiga picha. Zile picha mnazoziona za tangazo ziliigizwa baadaye.

Sasa nionyesheni mwanasiasa wa kwetu anayeweza kukaa na jambo kama hilo tumboni hata wiki moja bila kulipeleka redioni.

#16 Katanga Yetu

Salamu toka Lubumbashi.

Mmesoma tangazo la Schuman lote ama mistari ya juu tu? Ndani mle kuna sentensi inasema Ulaya ikipata nguvu zaidi itaweza kuendelea na moja ya kazi zake za lazima, yaani kuendeleza bara la Afrika. 1950! Nani aliiomba Afrika maoni? Aliyetaka iingie ni René Mayer, waziri, ambaye alikuwa mbunge wa Constantine huko Algeria. Monnet akaipitisha.

Kisha 1957 mkataba wa Roma: Kongo ya Wabelgiji, Ruanda-Urundi, Somalia iliyokuwa chini ya Italia, koloni za Ufaransa, zote zikafungwa kwenye soko la Ulaya kama viambatisho. Babu zetu hawakuulizwa. Ninyi Tanganyika na Kenya mlikuwa wa Mwingereza ndiyo maana mkabaki nje.

Na mtu asisahau Euratom, jumuiya ya Ulaya ya nyuklia. Jambo ambalo Monnet alilipenda zaidi miaka ile ya kati ya 1950 ni nyuklia, hata kuliko soko la pamoja. Urani ya Shinkolobwe, iko hapa kwetu Katanga, ndiyo ilikuwa karata ya Wabelgiji, na wao walikuwa tayari wameshaiahidi kwa Wamarekani na Waingereza tangu 1944.

Kwa hiyo huo ukimya mnaousifu, sisi tulikuwa upande wa pili wa mlango. Kipanga nijibu hilo.

#17 Mbeba Boksi Rotterdam

Katanga umemwaga data. Naongezea kitu kimoja: soko la pamoja lenyewe si la Monnet. Huku Uholanzi wanamtaja Johan Willem Beyen, waziri wa mambo ya nje 1952 hadi 1956. Na huyo ndiye mfanyabiashara hasa: alipita Philips, akawa benki, akaongoza ile benki ya kimataifa ya Basel, akawa Unilever. Ndiye aliyeshikilia kwamba kuunganisha sekta moja moja haitoshi, ushuru wote wa forodha uondoke. Mkutano wa Messina Juni 1955 ulibeba wazo hilo. Muulize Mholanzi barabarani Beyen ni nani, hajui.

Kama mada ni mfanyabiashara mkimya aliyegeuka mwanadiplomasia, Kipanga umechagua yule maarufu wa wale wasio maarufu.

Halafu migodi ya makaa huku Limburg ilifungwa yote kufikia 1974. Mkataba wenyewe wa makaa na chuma uliisha muda wake Julai 2002, miaka 50 kamili. Mpaka wa Ujerumani navuka kwenda kununua mafuta ya gari, sioni hata askari.

#18 Mchokozi

Mbeba Boksi umeenda Ulaya kuwa shabiki wa Unilever. Kabebe boksi.

#19 Wakala wa Kilindini

Kwa hii mambo ya biashara na upatanishi, Wakenya tuna mfano wetu, na unaenda kinyume na Kipanga.

Mwanzo wa 2008, tumechinjana baada ya uchaguzi. Kofi Annan yuko Nairobi na Mkapa na mama Graça Machel. Annan anataka Cyril Ramaphosa awe mpatanishi mkuu wa mazungumzo. Wakati huo Ramaphosa ni tajiri wa biashara, ameacha siasa za mbele, na historia anayo: ndiye aliyeongoza ANC kwenye mazungumzo ya katiba, na mwaka 2000 yeye na Martti Ahtisaari waliteuliwa kukagua maghala ya silaha ya IRA, wale wapiganaji wa huko Ireland Kaskazini. Kwa kazi ya kimya utapata nani zaidi?

Upande wa Kibaki wakamkataa. Sababu: ati ana uhusiano wa kibiashara na Raila. Yeye akakana, lakini akaona heri aondoke, akarudi kwao. Akaletwa Oluyemi Adeniji wa Nigeria, balozi wa kazi. Mkataba ulitiwa sahihi 28 Februari 2008.

Kwa hivyo biashara ndiyo ilimwangusha. Monnet alikuwa na bahati moja: 1950 hakuwa na mali ya kutiliwa shaka, alikuwa ameshafilisika kitambo.

#20 Binti Mkunazini

Wakala hapo umegonga. Alokuwa hana duka ndiye aaminiwaye na wenye maduka.

#21 Kipanga wa Tanga

Hakufilisika kabisa, alibaki na cha kula. Lakini hoja nimeipokea.

#22 Sauti ya Kijiji

Naomba nichangie nikiwa mwanachama wa kawaida wa chama cha akiba na mikopo, jina kapuni. Mwenyekiti wetu alikuwa mkimya, mchapakazi, anapiga simu usiku, asubuhi mambo yameiva. Tulimpenda. Akatuunganisha na chama kingine kikubwa, na kwa hesabu ilikuwa faida kweli. Shida ikaja siku ya mkutano mkuu: watu hawakuwa wamepinga muungano, walipinga kuukuta umekwisha. Wakaangusha azimio. Tukakaa miaka miwili hatuongei.

Monnet lilimkuta hilohilo na nyie mnaomsifu hamlisemi. Oktoba 1950 alikuja na mpango mwingine, jeshi la pamoja la Ulaya. Ulitangazwa na waziri mkuu Pleven, rafiki yake wa zamani. Njia ile ile, karatasi, watu wachache, haraka. Mkataba ukasainiwa 1952. Tarehe 30 Agosti 1954 bunge la Ufaransa likauzika, kura 319 kwa 264. Bunge la kwake mwenyewe! De Gaulle alikuwa ameshamkejeli hadharani kwamba yeye ndiye mwenye kunong'oneza nyuma ya pazia. Makaa ya mawe unaweza kuyapitisha kimya. Mtoto wa mtu avae sare ya nchi nyingine, hapo lazima umuulize mama yake.

#23 Mdudu Kakakuona

Sauti ya Kijiji uko wapi siku zote? Kura zangu chukua.

#24 Mwalimu Mstaafu

Sauti, umesema vizuri, na nadhani Monnet alilielewa. Novemba ya mwaka ule ule wa 1954 alitangaza kwamba hatagombea tena uongozi wa Mamlaka Kuu ya Makaa na Chuma pale Luxembourg, ambayo alikuwa rais wake wa kwanza tangu Agosti 1952. Mwaka 1955 akaunda kamati yake ya kupigania Ulaya moja, na safari hii wajumbe walikuwa vyama vya siasa na vyama vya wafanyakazi, wakiwakilishwa rasmi. Wasoshalisti wa Ujerumani, ambao walikuwa wamepinga mpango wa 1950, aliwaingiza humo. Ilidumu hadi 1975. Ukitaka mfano wa kazi yake: de Gaulle alipowafungia mlango Waingereza Januari 1963, kisha wiki iliyofuata akasaini mkataba na Adenauer, watu wa Monnet walihangaika Bonn hadi bunge la Ujerumani likaweka utangulizi unaoikumbusha Ujerumani uaminifu wake kwa NATO na kwa Ulaya yenye Uingereza ndani. De Gaulle alikasirika sana.

Kwa hiyo hakubaki palepale. Alijifunza kwenda kwa walio na kura.

Na kabla mtu hajaileta: ile kauli kwamba angeanza upya angeanzia na utamaduni, nayo si yake. Haimo kwenye kumbukumbu zake za 1976.

#25 Nyundo ya Kusini

Mwalimu kwa hiyo kila kauli mbaya si yake, nzuri nazo si zake. Alisema nini basi huyu mtu?

#26 Mwalimu Mstaafu

Alipenda kurudia maneno ya rafiki yake Mmarekani, Dwight Morrow: watu ni wa aina mbili, wanaotaka kuwa mtu na wanaotaka kufanya jambo.

#27 Nyundo ya Kusini

Hata hiyo kaazima kwa Mmarekani. Nimemaliza.

#28 Mtumishi wa Parokia

Kipanga, nimetafakari la Bidault. Tofauti ya Bidault na Schuman ni kwamba Schuman alikuwa anasali misa kila siku na hakuwa na haja ya kuonekana. Narudi palepale kwenye imani.

#29 Mhandisi wa Tanuru

Misa haiyeyushi chuma, Mtumishi. Kwa heshima lakini.

#30 Kipanga wa Tanga

Katanga sijakukimbia. Sentensi ya Afrika ipo, siwezi kuitetea. Naongeza kwamba hata sisi tuliobaki nje 1957 tuliishia kwenda kubisha hodi: Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini makubaliano na soko la Ulaya pale Arusha, Septemba 1969. Safari hii tulisaini wenyewe, tukiwa pamoja, jumuiya yetu ya 1967 ikiwa bado hai. Kwa hiyo swali langu kwako: ukikaa mezani na mtu aliyekuandika kwenye kiambatisho, unamdai kwanza au unauza kwanza?

#31 Katanga Yetu

Kipanga, umenijibu na swali. Ninyi mlisaini, sawa. Sisi urani ilikuwa imekwisha kuondoka. Nataka unieleze: Monnet aliyekuwa hodari wa kuandika mizania, safu ya yale mahitaji na safu ya vilivyopo, Kongo aliiweka safu gani? Hapo ndipo nataka jibu, usinipeleke Arusha.

#32 Wakala wa Kilindini

Katanga ameuliza swali la kikazi. Kipanga jibu #31, tunasubiri. Mchokozi nyamaza kwanza.